"Mama, gari si jiko": huyu fundi umeme leo namsema

Wakuu, mikono bado inanitetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata viatu sijavua. Jina silitaji, haina haja, mnamjua wote. Yule wa ovaroli ya bluu na simu tatu, anayepima gari yako huku anapatana bei na wateja wengine kama yuko mnadani. Huyo huyo.

Gari ilikataa asubuhi. Napiga stata, injini inazunguka kwa nguvu, haiwaki. Na nikifungua swichi, ile taa ya njano ya injini haitokei kabisa kwenye dashibodi. Ya oili ipo, ya betri ipo, yenyewe giza. Wiki mbili nzima ilikuwa inanizimia foleni ikishapata joto, nikiisubiri nusu saa ikapoa inawaka kama haijafanya kosa lolote.

Bwana akachomeka mashine yake ya kupima, mashine ikagoma kuongea na gari. Dakika haikuisha akatangaza: kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa, leta laki nne na nusu, ya maduka ya spea Gerezani ipo. Na elfu thelathini ya kupima kwanza, mkononi.

Nikamwambia, "Fundi, samahani, hebu tuangalie relei ya EFI kwanza, ile swichi inayoupa umeme mfumo wa petroli. Kontrol boksi isipopata umeme itaongeaje na mashine?" Akageuka, akawatazama vijana waliokaa kwenye matairi, akasema kwa sauti ya kutangaza msiba: "Mama, gari si jiko."

GARI SI JIKO. Mbele ya watu kumi na mbili na muuza karanga. Muuza karanga alicheka mpaka karanga zikamwagika.

Jamani, hata huko jikoni umeme ukikatika naangalia LUKU kabla ya kununua jiko jipya! Relei ile ndiyo inayopitisha moto wa betri kwenda kontrol boksi na nozeli za petroli. Isipovuta, vyote vimelala, hata ulete kontrol boksi mpya kutoka Japani na ndege yake. Testa ya elfu tano inatosha: mguu wa relei wenye namba 30 una moto muda wote? Ukifungua swichi, 87 inatoa? Kwenye 85 na 86, upande mmoja una moto na mwingine ethi? Mwenye mita anapima na koili, hapo kati ya 85 na 86, relei nyingi za volti 12 zinasoma kati ya omu 50 na 120. Ni dakika tano. Hana mita. Ana simu tatu.

Aliyeniokoa ni dogo wa kuziba pancha. "Aunti, relei ya honi inafanana na hiyo, namba zilezile." Akachomoa hii, akaweka ile. Taa ya njano ikatokea, nikapiga stata, ikawaka. Honi sina, lakini nimefika nyumbani. Yule bwana hakusema hata pole, na elfu thelathini yangu haikurudi.

Hapa mezani nimeibandua kasha kwa kisu. Platini, zile ncha zinazogusana kupitisha moto, zimeungua, zina kishimo cheusi kama jino bovu. Na kwenye mguu mmoja risasi ya kulehemu imepasuka kwa kuzunguka, mstari mwembamba kama unywele. Ikipata joto inaachia, ndiyo maana ilikuwa inanizimia foleni. Relei ya elfu kumi na tano! Halafu mimi ndiye naambiwa gari si jiko.

Mzee wa Spana: Pole dada. Huyo mwaka jana aliniuzia kontrol boksi mbili kwa gari moja. Ilikuwa fyuzi.

Mpita Njia 77: Mbili kwa gari moja? Hii chai, na tangawizi haina.

Mzee wa Spana: Ziko chini ya kitanda, njoo uzione.

Kijana wa Juu: Mleta uzi umeandika gazeti. Sasa gari inawaka au haiwaki?

Mleta uzi: Inawaka. Ila kaniambia gari si jiko!

Koili Moja: Dada yuko sahihi, ila usiishie kwenye relei. Kagua na soketi yake. Ikiwa imelegea au ina ukungu wa kijani, relei mpya nayo itaungua. Na siku mashine ikiongea ikakuletea kodi ya hitilafu P0685 au P0688, hiyo ni habari ya saketi ya relei, si cheti cha kifo cha kontrol boksi.

Mama Mwali: Afadhali nyie wa magari. Fundi friji wangu ana mlango wa friji tangu Ramadhani. Mlango tu. Friji kaniachia, liko wazi.

Mpita Njia 77: Mlango kaupeleka wapi?

Mama Mwali: Kubadilisha raba.

Kijana wa Juu: Mimi fundi cherehani. Suti ya harusi. Harusi imepita, mtoto anatembea, suti bado "inapigwa pasi".

Mzee wa Spana: Cherehani ndio baba lao. Wangu alikata kitambaa changu akamshonea jirani, nikamkuta nacho msibani.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. GARI SI JIKO, mbele ya muuza karanga!

Kijana wa Juu: Karanga za chumvi au za kawaida?

Mpita Njia 77: Mzee, huyo jirani ulimfanyaje? Usituache njiani.

Mzee wa Spana: Ningefanyaje, alikuwa ndiye mfiwa.

Mama Mwali: Mwenye fundi friji anayerudisha milango aje inboksi.