Mwani wa kotonii unayeyukia mikononi: joto hili la bahari limetoka wapi?

Mkulima wa Jambiani:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nalima mwani tangu 1994, nilipokuwa kigori nikimfuata mama pwani. Kotonii ya wakati ule ukiifunga bamvua hili, maji yanapojaa na kutoka sana, bamvua la tatu unavuna, shina nene kama kidole gumba, ukilivunja linalia kama tango.

Miaka mingi sasa nimebaki na spinosam, aina nyingine ya mwani, inayovumilia lakini bei yake haina maana. Kaskazi iliyopita, msimu wa joto, nikapata mbegu ya kotonii, nikasema nijaribu tena. Nikafunga kamba 40. Bamvua lililofuata nimeshuka saa 4 asubuhi, maji ya kifundo cha mguu, ya moto kama ya kumkandia mzazi. Nikanyanyua kamba ya kwanza: ncha nyeupe kama mshumaa, nikizigusa zinabaki vidoleni. Kamba zote vile vile. Nimerudi nyumbani na taitai tupu, zile kamba ndogo za kufungia mbegu.

Mwanangu wa sekondari anasema ni moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali. Jirani yangu anasema kaskazi ni kaskazi tu, na jua ni la Mola. Nifahamisheni: moshi wa Ulaya unafikaje kwenye kamba yangu? Na wanajuaje kama si jua lenyewe limezidi?

Mpima Maji:
Waalaykum salaam, bi. Pole sana, kamba 40 ni jasho la watu.

Mwanao amesema kweli, ila si ule moshi mweusi tunaouona. Ni hewa ya ukaa, haina rangi wala harufu. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vilikaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Tukivichoma, hewa hiyo inapanda, pepo zinaitawanya dunia nzima, na sehemu yake inakaa huko karne na karne. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, ukaa ulikuwa kama 280. Leo umepita 420. Mwanga wa jua unaipita, lakini joto linalorudi juu kutoka ardhini inalizuia. Zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada limeingia baharini, bi. Huko ndiko liliko.

Kuhusu jua: lingekuwa ndilo limezidi, anga la juu kabisa nalo lingepata joto. Vipimo vinaonyesha la chini linapata joto, la juu linapoa. Na satelaiti zinazopima jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hazijaona likiongezeka.

Jirani hakukosea kuhusu kaskazi. Ilikuwapo na itakuwapo. Ila zamani ilianza kupandisha joto kutoka chini, sasa inalikuta limeshapanda.

Mvuvi wa Nungwi:
Mimi 1998 nilizama na miwani nikakuta matumbawe meupe kama yamepakwa chokaa, mwamba mzima. 2016 nikayaona tena. Ukiyaona hivyo mara mbili katika umri mmoja, huhitaji mtu akuapie.

Bi Mkubwa wa Bweleo:
Mwanangu, toka kwenye maji ya kifundo. Dokta Flower Msuya, mtafiti wa mwani, akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ndiye aliyetuonyesha kulima kotonii kwenye mirija ya wavu, kwenye kina, ambako maji hayachemki na wavu unaishika isikatike. Inaota. Lakini sikufichi: kunataka mtumbwi, na kunataka kujua kuogelea. Wengi wetu tumezeeka pwani na hatujui kuogelea.

Mkulima wa Jambiani:
Ahsanteni, nimefahamu. Linaloniuma ni hili: Afrika nzima haifikishi asilimia 5 ya hewa hiyo inayotoka kila mwaka, na mimi sijawahi kumiliki hata pikipiki. Mtumbwi naambiwa nitafute mwenyewe. Waliochoma wanadaiwa, na mimi nataka deni hilo litajwe kwa jina lake, lisiitwe msaada.

Mwanangu anajua kuogelea. Jumamosi ni bamvua, tutatoka naye hadi karibu na mwamba, yeye mbele na mti wa kupimia kina, mimi nyuma nimeshika kamba.