Mtoto wa gredi ya nne anasinzia darasani na kusahau: ni njaa au ni mawazo?

Mwalimu_Kisauni
Assalam alaykum. Nina mtoto asubuhi anafuata vizuri, ikifika saa nne macho yanafumba. Hesabu aliyoiweza jana, leo hana habari nayo. Kwao ni chumba kimoja, baba kibarua bandarini, kodi imelimbikizana. Nianzie wapi?

Lishe_Pwani
Waalaykum salaam, mwalimu. Vyote vimeshikana, ila anza na tumbo, ndilo jepesi kupima. Wiki mbili andika kila siku: amekula nini, amelala saa ngapi, ameanza kusinzia saa ngapi. Chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na andazi moja havimfikishi mapumziko. Isitoshe, chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma, na mtoto aliyepungukiwa damu huchoka hata akishiba. Mfunue kope la chini; ndani pakiwa peupe, apelekwe zahanati apimwe damu na minyoo. Nyumbani, chai isogezwe mbele saa moja baada ya kula, na kunde au mbaazi zikamuliwe ndimu.

Nasaha_Likoni
Mtoto anayesikia ugomvi wa kodi kila usiku, mwili wake hukaa chonjo hata pasipo hatari. Kinachoathirika mapema ni uwezo wa kushikilia jambo kichwani huku akifanya jingine. Tazama 38 kujumlisha 47: anapata 15, anaandika 5, ile 1 ya kubeba inapotea, jibu linakuwa 75. Huo si uzembe, na ukimwita mzembe unamzidishia hofu ileile. Aiandike 1 juu ya safu ya makumi. Maagizo mpe moja moja. Kiboko usikiguse: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakikataza, pamoja na kumdhalilisha mtoto.

Akirudia kukojoa kitandani, akijitenga na wenzake, au huzuni ikipita wiki mbili, atafutiwe mshauri. Akitamka kwamba anataka kufa, ni hospitali siku hiyohiyo. Simu ya watoto ni 116, bila malipo.

Mwalimu_Kisauni
Shukran sana. Shida ni mama, akiitwa skuli haji.

Nasaha_Likoni
Anadhani atadaiwa. Barua usipeleke, mpigie baada ya Magharibi, na neno la kwanza liwe "si habari ya pesa". Muulize huyo mama, mtoto analala wapi na saa ngapi, basi. Kazi ya ziada aimalize skuli kabla ya kutoka, dakika 20 zinatosha. Usiku chumba kile hakina pa kuweka daftari.