Barua kwa Jaji Mkuu kuhusu injini ya mtumbwi, itasaidia?

Mvuvi_Igombe: Wakuu habari za saizi. Mi nilimpa jamaa injini ya mtumbwi ya nguvu za farasi 15 kwa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, kila giza (zile siku zisizo na mwezi tunapovua) likiisha tukiingia mbalamwezi tunakaa tunapiga hesabu. Giza mbili akalipa, ya tatu akaanza chenga. Nimempeleka mahakama ya mwanzo nimeshindwa, eti daftari langu halina sahihi yake, mwandiko wote wangu. Sasa nataka nimwandikie Jaji Mkuu aifute hii hukumu, maana 2021 Mama Samia anaapishwa pale Ikulu tuliangalia kwenye tv hapa mwaloni, nikamwona Jaji Mkuu wa wakati ule, Ibrahim Juma, ndo anamwapisha. Mtu anayemwapisha Rais anashindwaje na hakimu wa huku kwetu?

Bwana_Kamanga: Pole mkuu. Kuapisha ni kitu kingine. Jaji Mkuu ni kiongozi wa Mahakama ya Rufani na mkuu wa mhimili mzima, ibara ya 118 ya Katiba, na Tume ya Utumishi wa Mahakama yeye ndo mwenyekiti. Ila hukumu haifutwi kwa barua, hata ya kwake. Hata akikaa kwenye rufaa kwa kawaida wanakaa majaji watatu na yeye ni mmoja tu, wenzake wawili wakikubaliana tofauti na yeye basi anaandika ya kwake pembeni inabaki kumbukumbu. Na hakimu akijua kuna simu inaweza kutoka juu kubadilisha hukumu, huyo jamaa yako nae si angetafuta simu yake?

Mvuvi_Igombe: Hapo umenishika. Ila huyo hakimu namtilia shaka, siku ya hukumu hakuniangalia usoni kabisa

Mama_Dagaa_Kirumba: Kutokuangaliwa usoni sio kosa jamani 😂 wengi wanasoma wameinamia karatasi. Kama una ushahidi wa rushwa au tabia mbaya ipo kamati ya maadili ya wilaya, mwenyekiti wake DC, au mwandikie Jaji Mfawidhi, yaani jaji msimamizi wa Mahakama Kuu hapahapa Mwanza. Hiyo inamshughulikia hakimu, injini hairudi.

Bwana_Kamanga: Swali la maana ni hili, hukumu imetoka lini?

Mvuvi_Igombe: Tarehe 4. Leo 25.

Bwana_Kamanga: Basi achana na barua kabisa! Una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya, zimebaki kama tisa. Ukishindwa wilayani unaenda Mahakama Kuu, huko kwa Jaji Mkuu ni hatua ya mwisho na kwa kesi iliyoanzia mwanzo lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwanza kuna hoja ya kisheria. Daftari na sahihi ni mambo ya ushahidi, hayo pekee hayawezi kukufikisha huko.

Mvuvi_Igombe: Nakala ya hukumu wanasema haijachapwa bado, njoo kesho njoo kesho

Bwana_Kamanga: Usiisubiri, rufaa ya kutoka mwanzo haikulazimishi kuambatanisha nakala. Andika sababu zako zipeleke. Afu mtu aliyekuwepo mkipiga zile hesabu za mbalamwezi yupo?

Mvuvi_Igombe: Yupo, nahodha wangu. Hakuitwa kutoa ushahidi, mi mwenyewe sikumtaja

Mama_Dagaa_Kirumba: Aaah kaka!! Sasa ulikuwa unamlaumu hakimu wa nini 🤦🏾‍♀️ rufaa wanaangalia yaliyosemwa kule kule mwanzo, kuleta shahidi mpya saizi ni shughuli. Ila peleka hivyo hivyo, siku zinaenda