Dada amempita kaka yake kwa kimo: nisubiri au nimpeleke hospitali?

Baba wa Wawili, Morogoro

Habari zenu, ndugu zangu. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka 13 na miezi minne, na wa kike ana miaka 11 na nusu. Hadi mwaka juzi kaka ndiye aliyekuwa mrefu, lakini leo dada ana sentimita 151 naye kaka ana 147. Upindo wa sketi ya shule ya binti fundi ameushusha mara mbili ndani ya mwaka mmoja, hata alama za mikunjo ya zamani zinaonekana waziwazi, ilhali suruali ya kaka yake ni ileile ya mwaka jana na bado inamtosha. Wenzake shuleni wamempachika jina la Andunje, na siku hizi hakubali kupigwa picha akiwa amesimama karibu na dada yake. Anakula vizuri, haugui ovyo, na kadi yake ya kliniki ya utotoni haikuwahi kuonyesha kasoro. Jirani ananishauri nimnunulie vidonge vya kurefusha vinavyotangazwa mitandaoni. Naomba ushauri wenu.

Muuguzi Mstaafu

Baba, vidonge hivyo viache hukohuko mitandaoni, kwa sababu hakuna kidonge cha namna hiyo kinachomrefusha mtoto mwenye afya anayekula vizuri.

Kimo cha siku moja hakituambii mengi. Kinachotuambia jambo ni kasi ya kukua. Mtoto huzaliwa akiwa na takriban sentimita 50, huongeza karibu 25 katika mwaka wa kwanza na 12 hivi katika mwaka wa pili, kisha kasi hiyo hushuka hadi sentimita 5 au 6 kwa mwaka na kubaki hapo miaka mingi, mpaka balehe inapoingia na mtoto kufumka tena. Wasichana wengi hufumka kati ya miaka 10 na 12, na wavulana hufuata baada ya miaka miwili hivi. Kwa hiyo hayo unayoyaona nyumbani kwako yangeonekana katika darasa la sita lolote, ungewapanga wanafunzi kwa kimo.

Urefu wenyewe hutengenezwa katika gegedu laini iliyo karibu na ncha za mifupa mirefu, ambayo huzalisha mfupa mpya mpaka igeuke yote kuwa mfupa. Homoni za balehe, ambazo kwanza huichochea gegedu hiyo, ndizo baadaye huifunga. Msichana akishavunja ungo huwa amekwisha kupita kilele cha kasi yake, na mara nyingi huongeza sentimita 5 hadi 7 tu. Mvulana anayekawia, kwa upande wake, anakuwa amejilimbikizia miaka zaidi ya ukuaji wa utotoni kabla ya kufumka, naye akifika kileleni anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Dalili ya kwanza ya balehe kwa mvulana ni korodani kuongezeka ukubwa, wala si ndevu au sauti nzito kama wengi wanavyodhani. Akifikisha miaka 14 bila dalili hiyo, mpeleke hospitali. La pili, mpime kila baada ya miezi minne. Ukiona mwaka mzima umepita bila yeye kufikisha sentimita 4, au anakonda, au anaharisha mara kwa mara, usingoje. Nami nikuulize: wewe mwenyewe ulibalehe mapema au ulichelewa?

Mdadisi

Muuguzi, kwa heshima zote, chati hizo za ukuaji ni za watoto wa Kizungu. Kwa nini mtoto wa Morogoro apimwe kwa kipimo chao?

Mwalimu wa Biolojia

Mdadisi ana hoja, ila ni nusu tu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, ambavyo ni vya watoto wasiozidi miaka mitano, vilitokana na watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao, wakilishwa na kutunzwa vizuri, walikua kwa namna inayokaribiana sana, jambo linaloonyesha kwamba udumavu wa watoto wetu si maumbile ya Mwafrika bali ni matokeo ya lishe duni na maradhi, hasa katika zile siku 1000 za mwanzo zinazohesabiwa tangu mimba inapotungwa. Lakini chati ya kuanzia miaka 5 hadi 19, iliyotolewa mwaka 2007, kwa kweli imejengwa juu ya takwimu za zamani za watoto wa Marekani, kwa hiyo hapo naungana nawe kwamba isomwe kwa hadhari.

Kuna pia hesabu ya makadirio: jumlisha kimo cha baba na cha mama, ongeza 13 kwa mvulana au toa 13 kwa msichana, kisha gawanya kwa mbili. Jibu linaweza kupanda au kushuka kwa sentimita 8 hivi, kwa hiyo asilishike kama ahadi.

Mzee wa Tanga

Mpime saa ileile, asubuhi, akiwa pekupeku, kwa kuwa jioni sote huwa tumepungua kwa sentimita moja hivi kutokana na vipande laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo kubanwa mchana kutwa. Kwetu sisi wazee vipande hivyo husinyaa moja kwa moja. Ujanani nilikuwa na sentimita 174. Sasa nina 170, na wajukuu wananicheka.

Baba wa Wawili, Morogoro

Shikamoo, Mzee. Nawashukuru nyote. Mimi nina sentimita 172 na mama yao 160, kwa hiyo hesabu ya Mwalimu inampa kijana 172 na nusu. Na kweli nilichelewa: mstarini shuleni nilisimama mbele kabisa hadi kidato cha tatu, kisha nikarefuka nikiwa nimekwisha kukata tamaa.

Muuguzi Mstaafu

Basi huenda amekurithi. Hebu tazama viatu vyake, maana katika balehe nyayo hutangulia kukua kabla ya kiwiliwili.

Baba wa Wawili, Morogoro

Nimevitazama jana usiku. Tangu mwezi uliopita nimekuwa nikimgombeza kwa kukanyaga visigino vya viatu vya shule nilivyomnunulia Januari, nikidhani ni utovu wa adabu. Nilipomvalisha na kubonyeza kwa kidole gumba, dole lake lilikuwa limekwisha kugota mbele.