Tupeane uzoefu: uliponunua DAC mpya, muziki ulibadilika kweli?

Wakuu, wengi wetu tuna amplifaya za zamani na spika nzuri tu, ila muziki wote umehamia kwenye simu na kompyuta. Kila mara inatoka DAC mpya ya nje, yaani kifaa cha pembeni kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ya kuingia kwenye amplifaya, na namba kwenye boksi zinapanda: biti 32 (undani wa kila kipimo cha sauti), kilohezi 768 (maelfu ya vipimo kwa sekunde). CD ya kawaida ni biti 16 na kilohezi 44.1, na hiyo tayari inabeba milio hadi hezi 20,000, mwisho wa sikio la binadamu. Sasa tunalipia nini?

Naanza mimi. Nilipofunga mpya, besi ilijaa na waimbaji wakasogea mbele. Nikachukua multimita, nikapiga mlio wa hezi 100 na kupima kwenye matundu ya spika. Kumbe mpya ilikuwa inatoa volti nyingi kuliko ya zamani, na sikio likipewa sauti iliyozidi kidogo tu huiona ndiyo bora. Nikazisawazisha, nikamwomba mdogo wangu abadilishe waya bila kuniambia ipi ni ipi. Sikuweza kuzitofautisha, hata kwenye taarabu ya zamani ninayoijua kila pigo la ganuni. Leteni zenu.

*Mchangiaji, Mombasa:* Kwangu tofauti ilikuwa kubwa, tena mke wangu ndiye aliyeisikia kwanza. Nilikuwa nikichomeka amplifaya kwenye tundu la hedifoni la kompyuta ya mezani. Ukisogeza mausi, spika zinakwaruza. Chini yake kuna muungurumo usiokoma. Nikapata DAC ya mtumba yenye tundu la optiko. Waya ule hupitisha mwanga, si umeme, kwa hiyo uchafu wa kompyuta haukupata tena njia ya kufika kwenye amplifaya. Kimya kabisa. Lakini angalieni: ni ya zamani ile, si toleo jipya.

*Mchangiaji, Mwanza:* Mnakumbuka kiwanda cha AKM, watengenezaji wa chipu za ndani ya DAC, kilipoungua kule Nobeoka, Japani, Oktoba 2020? Chipu ziliadimika, watengenezaji kadhaa wa DAC wakahamia chipu za kampuni nyingine, ESS, na watu wakaanza kuwinda matoleo yenye AKM. Mimi na jirani yangu tulikuwa na moja moja, moja ya AKM na moja ya ESS. Tulikaa jioni nzima tukibadilishana, ukubwa wa sauti tumeusawazisha, kila mmoja akashindwa kuitambua ya kwake.

*Mchangiaji, Dar:* Mimi ni wa hedifoni, zangu ni za omu 300, yaani zina ukinzani mkubwa na ni ngumu kusukuma. Simu ilikuwa haizisukumi, muziki unasikika kwa mbali. DAC ndogo yenye amplifaya ndani ilizifufua. Naipenda sana.

*Mwanzisha mada:* Mkuu wa Dar, hapo kilichokusaidia ni ile amplifaya, na ulinunua kitu sahihi kwa shida uliyokuwa nayo. Ndugu wa Mombasa vilevile. Kwa anayeuliza kama abadilishe DAC inayofanya kazi vizuri bila kelele kwa sababu tu imetoka mpya, mimi ningempeleka kwanza kwenye spika, na zulia kwenye sakafu ya vigae lipunguze mwangwi.

Wengine endeleeni, ila mtaje mlisawazishaje ukubwa wa sauti kabla ya kulinganisha. Bila hilo hatujui tunasikiliza DAC au volti.