Masters ya kompyuta Ujerumani: utafiti, kampuni au kurudi nyumbani? Tupeane uzoefu

Msafiri wa Elbe

Wakuu, salaam. Jana kijana mmoja kaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Nimepata matokeo ya mwisho, sasa naanza kutafuta kazi." Hilo neno "sasa" limenikosesha usingizi. Kwa mgeni anayesoma sayansi ya kompyuta hapa, siku matokeo ya mwisho yanapotoka kwa maandishi ndiyo siku milango inaanza kufungwa. Kazi ya werkstudent, yaani mwanafunzi aliyeajiriwa kwa saa chache na kampuni, inaisha kuhesabiwa ya kianafunzi mwisho wa mwezi huohuo, bima ya bei ya wanafunzi inafuata muhula unapoisha, na kibali cha kusoma kinakuwa hakina kazi tena. Kinachofuata ni kibali cha kutafuta kazi, miezi 18, na hakiongezwi.

Njia inachaguliwa muhula wa pili au wa tatu, pale unapoamua tasnifu utaiandikia wapi na saa zako 20 za wiki utampa nani. Wenye ujuzi waje waeleze, kila mtu na eneo lake. Wadogo zetu wanasoma hapa.

Fundi Seva

Naanza na saa za kazi, maana hapo wengi wanahesabu vibaya. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Watu wanadhani siku 140 zikiisha mwezi wa nane umekwama. Siyo. Wiki ya masomo ukifanya kazi isiyozidi saa 20, inahesabiwa siku 2.5 tu. Wiki za likizo ya chuo nazo ni siku 2.5, hata ukifanya saa 40. Zidisha mara wiki 52 upate 130. Kwa hiyo werkstudent anaweza kukaa kampuni moja mwaka mzima bila kugusa 140. Lakini mweleze mwajiri aandike saa kwa wiki, siyo kwa mwezi. Karatasi ikisema "saa 80 kwa mwezi" na wiki moja ya masomo ukafanya 28, wiki ile inahesabiwa siku kwa siku.

Kazi ya usaidizi chuoni, ile wanaita HiWi, haihesabiwi kabisa kwenye hizo 140.

Dada wa Halle

Hapo kwenye HiWi nakazia. Malipo yake ni madogo kuliko ya kampuni, lakini anayetaka PhD haipati kwa kutuma barua pepe 60 kwa maprofesa wasiomjua. Anaipata kwa kuwa tayari yumo kwenye kikundi cha utafiti, anaandika msimbo wa majaribio yao, wanamjua jina.

Mtoto wa Lamu

Nakuunga mkono dada. Na aangalie pia taasisi za utafiti zilizo nje ya vyuo: Max Planck ya Informatiki pale Saarbrücken, DFKI (kituo cha akili mnemba) ya Kaiserslautern na Saarbrücken, Fraunhofer zilizotapakaa nchi nzima. Zote huchukua wanafunzi wasaidizi.

Kinyonga

Mnawapeleka watoto wa watu kwenye PhD kama vile ni neema. Miaka minne mpaka mitano, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, halafu sheria ya mikataba ya wanasayansi inakupa miaka 6 kabla ya PhD na 6 baada yake, ikiisha bila cheo cha kudumu unatoka. Mwenzako aliyeingia kampuni keshapata ukazi wa kudumu zamani. Tasnifu iandikiwe kampuni, basi.

Dada wa Halle

Kaka Kinyonga, hayo ya sheria ni kweli, ila hesabu ya ukazi umeikosea.

Nafasi ya PhD kwenye kompyuta mara nyingi ni ajira kamili ya E13, ngazi ya mshahara wa umma, asilimia 100, tofauti na fani nyingine ambako wanagawiwa asilimia 50 au 65. E13 hatua ya kwanza ni zaidi ya euro 4,600 kwa mwezi kabla ya makato. Zidisha mara 12, unavuka 55,000. Kiwango cha mshahara cha Blue Card, kibali cha kazi cha wasomi, mwaka huu 2026 ni euro 50,700 kwa mwaka, na kwa kazi za TEHAMA au aliyehitimu ndani ya miaka mitatu ni 45,934.20. Maana yake mwanafunzi wa PhD mwenye asilimia 100 anaweza kuomba Blue Card, na miezi yake ya kungoja ukazi wa kudumu inahesabiwa sawasawa na ya yule wa kampuni: 21 akiwa na Kijerumani cha B1 (ngazi ya kati), 27 akiwa na A1 (ngazi ya mwanzo). Akisaini asilimia 75 anashuka chini ya kiwango, na hapo anapewa kibali cha aina nyingine. Kwa hiyo swali la kumuuliza profesa kabla ya "mada ni ipi" ni hili: asilimia ngapi, na mkataba wa kwanza ni wa miezi mingapi?

Ukipewa ufadhili badala ya ajira, hakuna mchango wa pensheni wala wa bima ya kukosa kazi. Hela mfukoni inaweza kulingana na ya mwenzako mwenye ajira, ila siku ukimaliza huna miezi 12 ya michango, na posho ya kukosa kazi huipati. Mwenye mkataba wa E13 anaipata.

Fundi Seva

Hilo la posho ni hivyohivyo kwa werkstudent. Anakatwa pensheni asilimia 9.3 tu. Bima ya kukosa kazi hakatwi, kwa hiyo miaka yake miwili ya jasho haimsaidii kitu akikosa kazi.

Mama Kibo

Kuhusu tasnifu kampuni au chuoni, naomba nieleze taratibu, maana hapa ndipo nilipokaa na wanafunzi wengi.

Tasnifu ni alama 30 kati ya 120 za masters nzima, na muda wake kwa kawaida ni miezi 6. Ukiandikia kampuni bado lazima awepo profesa wa chuo chako atakayeikubali mada na kuisahihisha. Mpangilio ni huu: profesa kwanza, kampuni baadaye. Watu wanageuza. Wanasaini mkataba na kampuni, wanaanza kazi tarehe mosi, halafu profesa anasema mada hii haina swali la kisayansi, ni kazi ya kuunganisha mifumo tu. Miezi miwili imekwisha, na kampuni inataka kazi yake.

Jambo la pili ni kipengele kinachoitwa Sperrvermerk. Ni kufuli: tasnifu haichapishwi, hairuhusiwi kuonwa na mtu zaidi ya wasahihishaji, pengine kwa miaka mitano. Kwa anayebaki kwenye kampuni hiyo hakina shida. Kwa anayewaza PhD ni pigo, kwa sababu profesa mwingine akiomba aone kazi yako huna cha kumwonyesha, na data uliyotumia imebaki kwenye seva za kampuni. Kama lazima ukisaini, omba kiandikwe kwamba sura ya mbinu na majaribio kwa data ya wazi vinabaki huru. Kampuni nyingi hukubali zikiombwa kabla ya saini. Baada ya saini hazikubali.

Na ukimaliza uwerkstudent, dai Arbeitszeugnis, barua ya mwajiri kuhusu utendaji wako. Ni haki yako. Isome kwa makini, kwa sababu ina lugha yake. Ikisema "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit" umepewa daraja la juu kabisa. Ikisema "zu unserer Zufriedenheit" tu, kwa masikio yetu ni sifa, kwa afisa ajira wa Kijerumani ni alama ya nne, ya chini. Maneno mawili yameondolewa, na kazi imeondoka nayo. Irudishe, omba irekebishwe.

Mtoto wa Lamu

Mama Kibo shikamoo. Hiyo ya barua ingebandikwa ukutani.

Kinyonga

Haya, kwenye E13 nimekubali. Lakini lugha msiwadanganye. Berlin unafanya kazi kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Kijerumani ni kupoteza jioni zako.

Fundi Seva

Berlin siyo Ujerumani yote, Kinyonga. Kaa na tangazo la kazi ulisome. Kampuni za magari na mashine kule Stuttgart na München, mteja analeta waraka wa mahitaji, Lastenheft, kurasa 200 za Kijerumani, na kila sentensi ni sharti la mkataba. Mhandisi asiyeusoma anategemea mwenzake amwambie cha kuandika. Benki za Frankfurt, bima, hospitali, serikali za mitaa, hali ni hiyohiyo. Kampuni changa za Berlin ndizo zinazotumia Kiingereza, na ndizo pia zinazopunguza watu hela ikikauka. Muda wa majaribio ni mpaka miezi 6, na humo ndani notisi ni wiki mbili tu.

Kinyonga

Mtu ana alama 120 za kutafuta, anasoma lugha saa ngapi?

Mama Kibo

Hesabu ipo, mwanangu. Kozi ya serikali ya kumfikisha mgeni B1 ina vipindi 600. Ukisoma vipindi 6 kwa wiki ni wiki 100, karibu miaka miwili, yaani urefu wa masters yenyewe. Anayeanza wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza anamaliza vyote pamoja. Anayesubiri mpaka apate kazi atasoma akiwa amechoka. Kozi za chuo mara nyingi ni bure kwa mwanafunzi aliyesajiliwa.

Nyuki wa Rufiji

Samahani nawakatisha. Nina jambo la dharura, siyo langu, ni la mpwa wangu.

Amehitimu kompyuta, amepewa kibali cha miezi 18. Mwaka wa kwanza kafanya kazi ya ghala usiku, kwa sababu bila kazi bima ilikuwa inamtaka zaidi ya euro 200 kila mwezi kutoka mfukoni. Maombi kayatuma mengi, hakuna. Sasa yuko mwezi wa 17, zimebaki siku 31. Juzi kampuni moja imempa mkataba wa kuandika programu: 41,500 kwa mwaka, na bonasi ya mpaka 5,000 kazi ikienda vizuri. Kafurahi, kampigia mama yake simu. Leo asubuhi kampuni imemwandikia: mshahara hautoshi Blue Card, kwa hiyo wanasimamisha, na hata hivyo hawawezi kumwanzisha kabla hajapata kadi mpya. Dada yangu hali chakula. Nimwambie nini?

Dada wa Halle

Pole sana. Mwambie asiufute huo mkataba. Hapo kuna makosa mawili, na yote yanarekebishika.

La kwanza: anaweza kuanza kesho. Atoe kadi yake aisome. Kibali cha kutafuta kazi cha mhitimu wa hapa kimeandikwa "Erwerbstätigkeit erlaubt", kufanya kazi kumeruhusiwa. Ndiyo maana ghala lilimwajiri. Aipige picha pande zote mbili na karatasi ya kijani inayoambatana nayo, aitume kwa afisa ajira.

La pili: Blue Card siyo mlango pekee. Kuna kibali cha kawaida cha kazi cha mwenye shahada, kifungu 18b cha sheria ya ukazi. Hakina kima cha mshahara kwa aliye chini ya miaka 45. Kinachotakiwa ni Shirika la Ajira la Taifa kukubali kwamba analipwa sawa na Wajerumani wa kazi ileile. Mwajiri anajaza fomu ya tamko la ajira, Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis. Shirika lisipojibu ndani ya wiki mbili, inahesabiwa limekubali.

Kinyonga

Lakini 18b itamchelewesha ukazi wa kudumu.

Dada wa Halle

Mhitimu wa chuo cha Ujerumani anaomba ukazi wa kudumu baada ya miezi 24 kwenye 18b, akiwa na B1 na michango 24 ya pensheni. Blue Card na B1 ni 21. Tofauti ni miezi mitatu.

Fundi Seva

Nyuki, kabla hajakubali 18b, ajaribu hili. Bonasi ya "mpaka 5,000" haihesabiwi kwa sababu haina uhakika. Mshahara wa mwezi wa 13 ulioandikwa kwenye mkataba unahesabiwa. Gawanya 45,934.20 kwa 13 upate 3,533.40. Amwombe mwajiri aondoe bonasi, aandike 3,540 mara 13. Jumla ni 46,020. Kampuni ilishakuwa tayari kutoa mpaka 46,500, kwa hiyo haipotezi kitu.

Mama Kibo

Na ombi liingie ofisi ya wageni kabla kibali hakijaisha, hata kama miadi ni ya miezi mitatu mbele. Atume kwa tovuti yao au kwa barua ya rejista, abaki na risiti. Siku moja baada ya tarehe ya mwisho ni habari nyingine kabisa.

Mtoto wa Lamu

Wakati tunasubiri, neno kwa wanaotaka kurudi, maana hawajatajwa. Alama za hapa zinakwenda kinyume: 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Ukipeleka cheti cha 1.3 Dar es Salaam bila maelezo, mtu anasoma GPA ya aliyefeli. Nafasi ya mhadhiri msaidizi Tanzania inataka masters ya 4.0 kwa 5. Kwa hiyo chukua chuoni Diploma Supplement, waraka wa kueleza shahada yako, na jedwali la mgawanyo wa alama, vyote vyenye muhuri, kabla hujafuta usajili, ndipo uende TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa shahada. Na michango yako ya pensheni, baada ya miezi 24 nje ya Umoja wa Ulaya unaweza kuidai. Sehemu ya mwajiri hairudi.

Fundi Seva

Anayebaki naye atunze risiti. Masters ni shahada ya pili, kwa hiyo ada ya muhula, kompyuta na vitabu unavipeleka kodi kama hasara ya kubeba mbele, na mwaka wa kwanza wa mshahara vinapunguza kodi yako.

Nyuki wa Rufiji

Nimerudi. Kampuni imekubali 3,540 mara 13, mkataba mpya umesainiwa Jumanne. Jumatano kaanza kazi kwa kadi yake ya zamani. Ombi la Blue Card limeingia zikiwa zimebaki siku 19, na ofisi imempa karatasi ya mpito.

Dada wa Halle

Alhamdulillah. Sasa aifungue hiyo karatasi ukurasa wenye visanduku vitatu. Alama iwe kwenye cha tatu, kinachosema kibali cha zamani kinaendelea. Ikiwa kwenye kingine, arudi dirishani leo kabla hawajafunga, na asikate tiketi ya kwenda kumwona mama mpaka kirekebishwe.