Hivi ni Wakili Gani Humuuliza Mteja "Ulikula Ngapi?" Kabla Hajaketi?

Wakuu, naandika nikiwa kwenye benchi la muuza kahawa hapa Ngamiani, Tanga, na mkono unatetemeka hadi kahawa imenimwagikia kwenye kanzu. Wakili ninayemzungumzia mnamjua, ni yule ambaye kibao chake ni kikubwa kuliko ofisi yenyewe, kwa hiyo sina haja ya kumtaja.

Nimeandikiwa barua na watu wa bima kwamba kadi yangu ya matibabu ilitumiwa kuchukulia dawa siku ambayo, kwa ushahidi wa ukoo mzima, nilikuwa Pangani nimeshika jembe kwenye kaburi la shangazi yangu. Fomu ya madai ina sahihi yenye mkia mrefu kama wa tiara, na sahihi yangu haijawahi kuwa na mkia. Nimetakiwa kufika kuhojiwa Jumatatu, ndipo nikaenda kwa wakili.

Sijaketi, sijamaliza hata salamu, akaitupia barua jicho huku akitafuna kitumbua, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo nina hakika ilifika Raskazone: "Sasa mzee, ulikula ngapi?" Ulikula ngapi! Tena mbele ya karani, na mbele ya mama mmoja mwenye kesi ya kiwanja, ambaye papo hapo aliuhamishia mkoba wake upande wa pili. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Mimi hata kushtakiwa bado, nimekwisha kuhukumiwa na mtu mwenye mafuta ya kitumbua kidevuni. Ulikula ngapi, wakuu!

Mjukuu wa Makorora: Pole sana mkuu, lakini uzi mzima nimeusoma na hujatujibu: ulikula ngapi?

Bibi wa Chumbageni: Msimcheke mwenzenu. Mwanangu, watafute watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwani asiye na uwezo huhudumiwa bure. Ukimpata msaidizi wa kisheria, yaani yule asiye wakili, ujue atakuelekeza tu, mahakamani hakusimamii. Na hiyo Jumatatu usitie sahihi maelezo ambayo hujayasoma hadi mwisho.

Mleta uzi: Ahsante mama, nitafanya hivyo. Lakini hata karani alicheka!

Fundi Baiskeli: Wewe una afadhali, umeulizwa swali. Mimi nilimlipa huyo huyo laki mbili za kufungua faili katika kesi kama yako, na kila nikienda naambiwa yuko mahakamani Korogwe.

Mjukuu wa Makorora: Mimi niliambiwa yuko Lushoto.

Mama Kiwanja: Kwangu alikuwa Muheza, siku ile ile. Na mkoba niliuhamisha kwa sababu ya kahawa ya karani, mzee asinisingizie.